Kura mbili hasi, na hakuna aliyesema neno

Zamu yangu ya usimamizi huanzia kwenye foleni ya machapisho ya watu wapya. Ni kazi ya kujitolea ambayo nimeifanya kwa miaka mingi katika jumuiya moja ya maswali na majibu ya waandishi wa programu, na siku hizi nikisoma kichwa cha swali tu nakuwa nimeshakisia yaliyomo. "Wakuu, naombeni msaada, ni haraka." Ndani kuna skrinshoti badala ya msimbo wenyewe, ujumbe wa hitilafu umekatwa katikati, na chini kabisa shukrani za dhati. Mwandishi amejiunga dakika kumi zilizopita, na tayari amevunja kanuni nne. Hata salamu yake ina kasoro: kwenye Stack Overflow, kwa mfano, jukwaa maarufu la maswali na majibu ya waandishi wa programu, salamu na shukrani huhesabiwa kuwa maneno ya ziada, na mhariri yeyote anayepita huziondoa. Mtu ameingia kwa adabu, na adabu yake ndiyo ya kwanza kufutwa.

Wenyeji wana hoja yao, na naiheshimu. Jeff Atwood na Joel Spolsky walipoanzisha Stack Overflow mwaka 2008, nia ilikuwa kukusanya maswali yatakayowafaa maelfu ya watu watakaofika baadaye kwa njia ya kutafuta. Swali likiulizwa mara mia, majibu hutawanyika na yaliyo bora hupotea. Kwa hiyo swali rudufu hufungwa, yaani halipokei tena majibu mapya, na kuelekezwa kwenye lile la awali, na swali lisiloeleweka hufungwa mpaka lirekebishwe. Anayefunga anajiona anapanga rafu. Aliyeuliza ana programu iliyokwama usiku huu, na anachokiona ni mlango uliofungwa usoni pake. Mwaka 2013 neno lenyewe lilijaribiwa kulainishwa: kwa siku tano za kwanza swali lilisemekana limesimamishwa, si limefungwa. Sioni kama aliyesimamishwa aliumia kidogo kuliko aliyefungwa.

Ila kuna makosa ambayo mgeni husukumwa kuyatenda na mfumo wenyewe, na hayo ndiyo yanayoniuma zaidi. Stack Overflow humwanzisha kila mtu na pointi 1 ya sifa; nyingine huzipata wengine wakiyapigia machapisho yake kura nzuri. Kwa miaka mingi, kupigia chapisho kura chanya kumehitaji pointi 15; kuandika maoni chini ya chapisho la mwingine, 50. Sasa mchukue mgeni aliyekuta jibu linalokaribia kumsaidia, akabaki na jambo moja tu la kumuuliza mwandishi wake. Kuandika maoni hawezi. Kitu pekee kilicho wazi mbele yake ni kisanduku cha jibu, basi anaandika humo: "Samahani, nami nina tatizo hilohilo, hatua ya pili uliifanyaje?" Muda si mrefu chapisho linafutwa kwa sababu si jibu. Ni kweli si jibu. Lakini alikuwa na njia gani nyingine? Angeweza kufungua swali jipya, ambalo huenda lingefungwa kwa kuwa rudufu. Kizuizi cha pointi kiliwekwa kwa sababu njema, kuzuia matangazo na matusi, na mimi nisingekiondoa. Ninachodai ni kwamba anayefuta ajue kuwa aliye mbele yake hakuwa mkaidi, alikuwa amezingirwa.

Halafu kuna ukimya. Watu hudhani wageni hukimbizwa na maneno makali, na maneno hayo yapo, nimeyafuta mengi. Ila katika foleni yangu chapisho la kawaida halitukanwi. Linapigwa kura hasi mbili, na hakuna anayesema neno. Aliyepiga kura anajua sababu. Aliyepigiwa anakisia: lugha yangu mbovu? Swali la kijinga? Wamenichukia? Kuuliza si ujinga, tumeambiwa tangu utotoni, na hapa mtu ameuliza akajibiwa kwa tarakimu nyekundu.

Ukimya huu unatibika, na ushahidi upo. Mtafiti J. Nathan Matias alichapisha mwaka 2019 matokeo ya jaribio lililohusisha mijadala 2,190 ya sayansi kwenye Reddit, jukwaa la mijadala mtandaoni. Kanuni zilipobandikwa waziwazi juu ya mjadala, utiifu wa wageni uliongezeka kwa zaidi ya pointi nane za asilimia, na ushiriki wao ulipanda kwa wastani wa asilimia 70. Hilo la pili lilinishangaza. Nilitarajia kanuni ziwatishe watu. Kumbe ziliwapa ujasiri wa kusema. Mwaka huohuo mtafiti Shagun Jhaver na wenzake walionyesha kwamba mtu aliyeelezwa kwa nini chapisho lake limeondolewa ana uwezekano mdogo wa kuondolewa tena. Stack Overflow nayo, baada ya kukiri hadharani mwaka 2018 kwamba haiwakaribishi watu ipasavyo, ilianza kuweka alama kwenye machapisho ya wachangiaji wapya ili wenyeji wawe wapole. Baadaye ikaja na uwanja wa maandalizi, ambamo maswali ya kwanza ya baadhi ya wageni yalipitiwa na wazoefu kabla ya kuonekana kwa wote na kupigiwa kura. Huo ndio ninaouamini zaidi, kwa kuwa unamsahihisha mtu bila kumwanika.

Nina sababu binafsi ya kuyasema haya. Niliwahi kufunga swali la mgeni kwa kuwa ujumbe wake wa hitilafu ulifanana neno kwa neno na wa swali la zamani. Ilinichukua chini ya nusu dakika. Akaandika maoni mara mbili akieleza kuwa ameshajaribu jibu lile na chanzo chake ni tofauti, kwani toleo la maktaba anayotumia, yaani mkusanyiko wa msimbo ulioandikwa tayari na wengine, ni jipya. Mimi nilikuwa nimeshahamia foleni nyingine. Akauliza upya, mwenzangu akafunga. Akauliza mara ya tatu, mfumo ukamzuia kuuliza. Wiki mbili baadaye niliyasoma maoni yale kwa bahati tu. Alikuwa sahihi. Nikalifungua swali, na siku hiyohiyo likapata jibu zuri ambalo watu wanalifuata hadi leo. Yeye hakurudi.

Tangu hapo, nikifunga swali la mtu mpya, naandika kanuni moja tu, ile inayozuia swali lisijibike, na nyinginezo nazirekebisha mwenyewe kimyakimya. Namwambia kitu gani hasa akiongeza, kwa mfano ujumbe kamili wa hitilafu ukiwa maandishi, swali litafunguliwa. Kisha nalihifadhi kwenye orodha yangu, na kesho yake, kabla sijagusa foleni mpya, narudi kuona kama amejibu.