Kufungulia pampu si kuongeza asidi

Kuna tangi ambamo bakteria hugeuza sukari kuwa asidi ya laktiki, huku pampu ikiingiza chakula kipya na kimiminika kilichochacha kikitoka bila kukoma. Wengi husema: "Ongeza mtiririko, asidi itaongezeka." Jamani! Kila anayesema hivi huwa hajagusa kikokotoo.

Chukua tangi la lita 100, kasi ya kuzimua (sehemu ya tangi inayobadilishwa kila saa) 0.1 kwa saa: zinaingia lita 10, zinatoka lita 10. Tuseme kinachotoka kina gramu 50 za asidi ya laktiki kwa lita. Hizo ni gramu 500 kwa saa. Fungulia pampu hadi 0.3. Bakteria wanakosa muda, asidi inashuka hadi gramu 20 kwa lita, nawe unavuna gramu 600 kwa saa. Haya, piga vigelegele. Ila kilo moja ya asidi iliyokuwa kwenye lita 20 sasa imo kwenye lita 50, na lita 30 za ziada ni maji ya kuvukiza kwa mvuke unaoulipia. Kama ulilisha gramu 60 za sukari kwa lita, zaidi ya nusu imepita bila kuliwa. Ikipata joto itakugeuzia mzigo wote rangi ya kahawia.

Pampu ikizidi kasi yao ya kukua, bakteria wanasombwa nje ya tangi. Darasani mpaka huo ni mstari mnyoofu. Tangini kuna utando wa ute ukutani unaopanda mbegu upya kila saa, kwa hiyo tangi linaishi hata pale hesabu inaposema limekufa, mpaka siku ute ubanduke na kuziba bomba la kutolea. Namba ya mpaka iliyopimwa kwenye chupa siiamini sana.

Kuchuja bakteria na kuwarudisha tangini husaidia, mradi umwage sehemu yao kila saa. Usipofanya hivyo chujio litaziba.

Halafu, asidi gani? Kwenye pH 6 (kipimo cha uchachu), zaidi ya asilimia 99 ni laktati, yaani asidi iliyogeuka chumvi. Tangini una chumvi! Ukishusha pH ili upate asidi yenyewe, itapenya ndani ya seli na kusimamisha kazi. Ukitumia chokaa kuzuia uchachu, kisha asidi ya salfuriki kuitoa asidi kwenye chumvi, kila kilo ya asidi ya laktiki inakuachia karibu kilo nzima ya jasi. Ukitumia magadi ya sodiamu na kutenganisha asidi kwa umeme kupitia utando wa kuchuja, jasi hupati, lakini ondoa kwanza kalsiamu na magnesi, la sivyo zitaganda ndani ya utando huo. Na kimiminika chepesi hupitisha umeme vibaya: volti zinapanda. Na kilichokifanya chepesi ni pampu ile ile.