Je, wajua "miji hatari" hupimwaje, na Dar es Salaam huhesabiwa vipi?

Kila mwanzo wa mwaka, na tena katikati yake, kuna orodha huzunguka kwenye magrupu ya WhatsApp: miji ya Afrika imepangwa kuanzia ulio hatari zaidi. Johannesburg, Pretoria na Durban huwa juu, na Dar es Salaam inatafutwa huko chini. Kisha ubishi unaanza. Wa Mbagala anasema Dar imependelewa, wa Masaki anasema imeonewa. Ni wachache wanaouliza nani aliwahesabu hao wezi.

Mara nyingi hakuna aliyewahesabu. Orodha nyingi za aina hii hutoka Numbeo, tovuti iliyoanzishwa mwaka 2009 na Mladen Adamović wa Serbia. Anayeitembelea anaulizwa maswali: unajiona salama ukitembea peke yako usiku? Una wasiwasi kiasi gani wa kuvunjiwa nyumba, au kuporwa? Majibu hugeuzwa kuwa alama kati ya 0 na 100. Hakuna jalada la polisi linalofunguliwa hapo. Inapimwa hofu, tena hofu ya wale tu walioamua kuingia mtandaoni na kujaza. Mama anayekaanga vitumbua Tandale tangu alfajiri, anayezijua njia za kule kuliko mtu yeyote, hakuulizwa.

Sisemi hofu ni kitu cha kupuuza. Lakini hofu ina mbio zake. Januari 2015, lilipovuma jina la Panya Road, vijana wa mapanga, maduka yalifungwa mapema na watu wakakimbilia ndani, huku ujumbe wa simu ukisambaa kwa kasi kuliko vijana wenyewe. Aliyejaza fomu wiki ile angejaza nini?

Basi tutumie takwimu za polisi, utasema. Zipo. Jeshi la Polisi na Ofisi ya Taifa ya Takwimu hutoa taarifa ya uhalifu, na makosa makubwa yamegawanywa makundi matatu: dhidi ya binadamu, ya kuwania mali, na dhidi ya maadili ya jamii. Shida ni kwamba kosa huonekana humo endapo tu mtu alifika kituoni, akasikilizwa na akapewa RB, yaani namba ya taarifa yake kwenye kitabu cha polisi. Sasa mfikirie aliyekwapuliwa simu na watu wa bodaboda. Anapiga hesabu ya nauli, foleni na siku ya kazi itakayopotea, anaona simu yenyewe hairudi, anaachana nayo. Hata aliyeporwa pochi akienda kituoni, pengine anachohitaji ni ripoti ya kupotelewa ili apate kitambulisho na kadi ya benki, na hivyo kuporwa kwake kunaandikwa kama kupotelewa. Mengine yanamalizwa kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Na kibaka akiitiwa mwizi, wananchi wakamshika na kumpiga hadi kufa, wizi wake hauandikwi popote. Kinachoingia kitabuni ni mauaji.

Kuna pia takwimu zinazopanda kwa sababu polisi wamefanya kazi. Kesi za bangi na gongo huongezeka panapokuwa na misako, kwa kuwa muuza gongo na mteja wake hawendi kituoni kushtakiana. Ukatili wa kijinsia nao ulianza kuonekana zaidi kwenye vitabu yalipofunguliwa madawati ya jinsia na watoto. Mji ambao wanawake wanathubutu kuripoti utaonekana mbaya kuliko ule wanaonyamaza.

Haya si ya Tanzania tu. Mwaka 2014 wakaguzi wa kazi za polisi wa England na Wales waligundua kuwa karibu asilimia 19 ya makosa yaliyoripotiwa hayakuandikwa, na mwaka huohuo takwimu hizo zikavuliwa hadhi ya takwimu za taifa.

Halafu kuna kugawanya, na hapa ndipo orodha nyingi huharibikia. Ili kulinganisha miji, makosa hugawanywa kwa idadi ya watu, kwa kila watu 100,000. Watu wa wapi? Sensa ya 2012 iliikuta Kinondoni na watu 1,775,049. Ya 2022 ikaikuta na 982,328. Watu hawakuhama, Ubungo ilikuwa imeshamegwa kuwa wilaya, ikiwa na watu 1,086,912. Lakini Dar imezoea mikoa mitatu ya kipolisi, Ilala, Kinondoni na Temeke. Chukua mfano wa kubuni: makosa 20,000 yaliyohesabiwa kwa mipaka ya zamani, Ubungo ikiwemo. Ukiyagawa kwa watu wa wilaya zote mbili unapata kama 967 kwa kila 100,000. Mwandishi mwenye haraka akigawa kwa Kinondoni peke yake anapata zaidi ya 2,000.

Kariakoo ni kisa kingine. Anayechomolewa pesa pale huenda kalala Kimara au Chanika, lakini kosa ni la Kariakoo, ambako mchana kuna umati na usiku wenyeji ni wachache. St. Louis, Marekani, inalia na jambo hilihili. Ilitengana na kaunti yake katika miaka ya 1870, ikabaki mji mdogo katikati ya eneo kubwa, na mara nyingi huwa juu kwenye orodha za ubaya. Mwaka 2007 bodi ya chama cha wanakriminolojia, yaani wataalamu wa uhalifu, wa Marekani ilipinga hadharani kupanga miji kwa namna hiyo.

Ukinibana nichague namba moja ya kulinganisha miji, nitachagua mauaji, maana maiti ni vigumu kuificha. Kwa wizi na uporaji, afadhali kuwafuata watu majumbani na kuwauliza yaliyowapata na kama waliripoti. Dar ilifanyiwa uchunguzi wa namna hiyo mwaka 2000, chini ya mpango wa miji salama wa Umoja wa Mataifa. Ni kazi ya gharama, ndiyo maana hairudiwi ovyo.

Na wizi wenyewe unahama. Ripoti za TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano, za majaribio ya ulaghai kwa simu zimekuwa zikiitaja mikoa ya Rukwa na Morogoro kuwa vinara, mbele ya Dar. Anayepokea ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" anaweza kuwa kwenye daladala ya Kimara, na kodi ya nyumba ikaondoka kabla hajafika Ubungo. Kwa TCRA, ujumbe ukiwa umetoka Rukwa, jaribio hilo ni la Rukwa. RB, kama atakwenda kuichukua, itatoka Kimara.