Damu nyingi baada ya kujifungua: msingoje kupambazuke

Malalamiko yanayofika wodi ya wazazi hapa Moshi yanafanana: mgonjwa anatokwa na damu, nasi tunawazungusha ndugu kwa habari za kuchangia damu. Hofu hiyo tunaielewa. Lakini wengi hufikishwa kwetu muda mwingi ukiwa umeshapotelea nyumbani.

Madaktari huita hali hii hemoraji, kwa asili ya Kigiriki: damu, na kupasuka. Aliyejifungua kwa njia ya kawaida akipoteza mililita 500 ndani ya saa 24, hiyo ni dharura. Ni ujazo wa chupa ndogo ya maji ya dukani, ila ikishanywewa na kitenge na godoro huonekana kidogo. Pedi ikilowa chapachapa kabla ya saa moja kuisha, mabonge yakitoka, mzazi akiona kizunguzungu au jasho la baridi, mleteni, hata kama masika yameharibu barabara ya migombani.

Tumelisema hili mara nyingi mno: hiyo si "damu chafu" inayopaswa kuachwa iishe. Mara nyingi mfuko wa uzazi umeshindwa kusinyaa. Wakati mwingine kipande cha kondo la nyuma kimebaki, au mama amechanika. Oksitosini husaidia mfuko usinyae. Asidi ya traneksamiki, dawa ya kusaidia damu igande, inatakiwa itolewe ndani ya saa 3 tangu kujifungua. Kisusio na mtori mpikieni akishatulia.

Kuhusu damu yenyewe. Sampuli huchukuliwa kitandani na kuandikwa jina kamili na namba ya faili palepale. Isiyo na maandishi hayo hukataliwa, hata ndugu wakilia. Maabara hupima kundi, kisha huilinganisha na damu ya akiba, kazi inayoweza kufika dakika 45. Damu unayochangia haiendi moja kwa moja kwa dada yako: kwanza hupimwa VVU, homa ya ini B na C, na kaswende. Mchangiaji awe na miaka 18 hadi 65 na kilo 50 au zaidi. Mwanaume kila miezi 3, mwanamke kila miezi 4. Damu haiuzwi. Atakayewadai hela ya chupa, mripotini kwa mganga mfawidhi siku hiyohiyo.

Mjamzito anapokuja kliniki, mumewe au wifi yake aje naye, tukubaliane mapema nani atachangia damu na gari la nani litamleta usiku.