Nyeupe Si Mvua: Kusoma Picha za Setilaiti za Usiku

"Pwani yote inanyeshewa usiku huu, tazama ilivyo nyeupe." Kila masika maneno haya yanasambazwa pamoja na picha ya setilaiti iliyokatwa kwenye simu, na kosa ni lilelile: picha ya usiku inasomwa kana kwamba imepigwa na kamera.

Usiku hakuna mwanga wa jua wa kurudi angani. Kihisi kinapima mionzi ya joto inayotoka kwenye kitu chenyewe, hasa kwenye urefu wa wimbi wa mikromita 10.8. Kinachopatikana ni namba: joto la kile kilicho juu kabisa, iwe ardhi, bahari au kilele cha wingu. Rangi hupakwa baadaye. Penye baridi hupakwa nyeupe ili mawingu yafanane na tuliyoyazoea mchana. Wengine hupaka nyekundu penye baridi kali zaidi. Wekundu huo si joto, wala si kipimo cha mvua.

Wingu la radi likikomaa juu ya Ziwa Victoria, kilele chake hufika kilomita 15 hivi na kupoa hadi nyuzi −70 au chini yake. Upepo wa juu unakitandaza kama mkeka, kikafunika eneo kubwa kuliko linalonyeshewa. Mvua kubwa iko chini ya kiini, pale wingu linapopanda. Kwenye kingo za mkeka huo kuna barafu nyembamba tu, na mtu aliye chini yake anaweza kuuona mwezi. Picha inapaka kote kweupe. Upande wa pili, mawingu mafupi yanayoletwa na kusi huweza kumwaga mvua ya kuloanisha hasa huku vilele vyake vikiwa na nyuzi 5 au 10. Kwenye picha hayo ni kijivu hafifu, na watu wanaambiana hakuna kitu.

Kwa hiyo usitegemee picha moja. Fungua nne za mwisho, zinazopishana dakika 15. Tafuta ukingo ambapo joto linashuka ghafla ndani ya pikseli chache. Kiini huwa karibu na hapo, upande unakotokea upepo wa juu. Joto la kilele likishuka kutoka −40 hadi −60 ndani ya nusu saa, wingu linakua, na mvuvi aliye majini arudi. Likitanuka huku kilele kikipata joto, linakufa, hata kama eneo jeupe linazidi kuwa kubwa.

Angalia pia setilaiti ipo wapi. Meteosat (setilaiti ya Ulaya ya hali ya hewa) iliyo juu ya longitudo 0 inaitazama Dar es Salaam kwa mshazari, hivyo kilele cha kilomita 15 kinaonekana kimesogea kilomita kama 15 mashariki, yaani mvua ya mjini inachorwa baharini. Tumia ile ya Bahari ya Hindi, iliyo 45.5 mashariki: kosa linabaki kilomita tatu hivi. Sielewi kwa nini watu wa huku wanaendelea kufungua ile nyingine.

"Setilaiti haioni ukungu usiku." Kwa chaneli moja, yaani urefu mmoja wa wimbi, ni kweli: ukungu na ardhi chini yake vina joto karibu sawa. Ndiyo maana tunatoa chaneli ya 3.9 kutoka ile ya 10.8. Matone madogo ya maji hutoa mionzi kidogo kwenye 3.9, kwa hiyo ukungu huonekana baridi zaidi huko, na tofauti hiyo inauanika. Hila hii ina mipaka mitatu. Wingu la juu likiufunika ukungu, huuoni. Mchanga mkavu wa Sahara au wa jangwa la Rub' al Khali kule Arabuni hudanganya kwa kufanana nao. Na jua likichomoza, mwanga wake unaingia kwenye 3.9 na alama inafutika. Rubani asidhani ukungu umeondoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi; kilichoondoka ni rangi.

"Ramani ya joto la ardhi ni joto la hewa." Hapana. Setilaiti inapima ngozi ya ardhi, na kipimajoto cha kituo kiko mita moja na zaidi juu yake. Usiku mtulivu usio na mawingu, majani ya viazi kule Nyandarua au Makete huwa baridi kuliko hewa hiyo kwa nyuzi kadhaa. Jalidi inaunguza shamba kabla kituo hakijasoma sifuri.

Saa nayo: picha zinaandikwa UTC, yaani saa ya kimataifa. 18:00 ni saa tatu usiku Nairobi na Dar es Salaam, saa mbili usiku Kigali na Bujumbura. Saa inayoandikwa ni ile setilaiti inapoanza kupima kutoka kusini. Ikweta hufikiwa dakika kama sita baadaye.

Na vile vidoti vinavyong'aa Ziwa Tanganyika kwenye picha za VIIRS, kihisi cha setilaiti nyingine kinachoona hata mwanga hafifu wa usiku, zinazopigwa karibu saa saba na nusu usiku, si moto. Ni taa za wavuvi wa dagaa, na hupungua mwezi ukiwa mpevu kwa sababu wengi hawaendi ziwani. Ukiwa na shaka, fungua chaneli ya mikromita 3.7 ya setilaiti hiyohiyo: moto wa nyika huwaka humo, taa haionekani.