Gesi ya friji haiishi kwa kukutana na oksijeni

Uoksidishaji wa haidrofluorokaboni angani ni mfululizo wa mabadiliko ya kikemia yanayoivunja gesi ya friji iliyovuja, hadi kaboni na florini zake zinapohamia katika kampaundi nyingine. Maana yake ni hiyo tu. Linalonisukuma kuandika ni kauli iliyozoeleka kwa mafundi, na siku hizi hata kwenye semina, kwamba R-134a, gesi ya friji ya jamii hiyo ya haidrofluorokaboni, ikivuja hukutana na oksijeni ikaisha.

Oksijeni haiwezi kuianza kazi hiyo. Molekuli ya R-134a ina kaboni mbili, florini nne na haidrojeni mbili, na ukiifungia chupani pamoja na hewa kavu itakaa vilevile ilivyoingia. Anayeanza ni radikali ya haidroksili, yaani oksijeni moja iliyoshikana na haidrojeni moja, ambayo huzaliwa pale mwanga wa jua unapoivunja ozoni na atomu ya oksijeni iliyochomoka ikagonga mvuke wa maji. Radikali hiyo ni haba na huishi takriban sekunde moja, kwa hiyo R-134a hukaa hewani miaka kama 14 kwa wastani, ikizuia joto zaidi ya mara 1,000 ya kaboni dioksidi yenye uzito uleule katika kipindi cha miaka 100. Ndiyo sababu gesi za jamii hii zilijadiliwa katika mkutano wa kimataifa wa Kigali, Rwanda, mwaka 2016. Haidroksili ikishanyofoa haidrojeni na kuigeuza maji, hapo ndipo oksijeni hudaka kilichobaki, na hatua zinazofuata huenda mbio. (R-12, gesi ya friji ya zamani, haikuwa na haidrojeni hata moja ya kunyofolewa, ikapanda hadi stratosfia, yaani tabaka la juu la hewa lenye ozoni, na klorini yake yote.)

Kuisha nako hakupo. Sehemu ya R-134a hugeuka floridi ya trifloroasetili, ambayo ikiingia kwenye matone ya mawingu huwa asidi ya trifloroasetiki, ikanyesha na mvua na kubaki majini muda mrefu sana. R-1234yf ya viyoyozi vya magari mapya huvunjika ndani ya wiki mbili, kwa kuwa haidroksili huunasa muungano wake maradufu wa kaboni bila kusubiri haidrojeni, lakini karibu yote huishia kuwa asidi hiyohiyo. Kwa hiyo fundi akiulizwa na mteja R-134a iliyovuja imekwenda wapi, ingefaa aseme kwamba bado ipo angani, na itakapovunjwa baada ya miaka, sehemu yake itarudi chini ikiwa asidi.