Shimo la Mungu, Newala: yanayosemwa na yaliyopo

"Ni kreta ya volkano." Hilo ndilo wageni wengi husema juu ya Shimo la Mungu wanapokuja Newala, kusini mwa Tanzania, na wapo wanaoapa kwamba ni kimondo kilichochimba. Si kimoja wala kingine. Ukifika pale utautafuta ukingo wa pili wa shimo usiuone, kwa sababu haupo. Uliposimama ni mwisho wa Uwanda wa Makonde. Ardhi imepanda polepole tangu pwani, ikafika hapa ikakatika ghafla. Kule chini ni bonde la mto Ruvuma, na ng'ambo yake ni Msumbiji.

Uwanda wenyewe ni tabaka za mchanga ulioshikamana kuwa mawe, tena si mawe magumu. Vijito vya mvua huutafuna ukingo kutoka chini, sehemu zilizolegea zikaporomoka, na genge likazidi kurudi nyuma. Kazi hiyo bado inaendelea, kwa hiyo anayesogea hadi mwisho kabisa kupiga selfi wakati wa masika mimi simsifu.

"Palipo na kijani namna hii, maji hayakosi." Hapa ndipo watu hudanganyika zaidi. Juu ya uwanda mvua inanyesha, vichaka vinasongamana na mikorosho inastawi, lakini mto huuoni. Mchanga unayanywa maji yote. Yanateremka hadi kwenye tabaka isiyoyapitisha, ndipo yanapotokeza kama chemchemi chini ya miteremko. Karl Weule, Mjerumani aliyekaa Newala mwaka 1906, aliandika juu ya taabu hiyo ya maji. Kwa miaka mingi akina mama walishuka bondeni na kupanda tena na mitungi kichwani, mteremko uleule ambao leo mgeni anaushuka kwa starehe. Na Wamakonde hawakukaa juu kwa kutojua: vichaka vile vilikuwa ngome dhidi ya wavamizi na watekaji watumwa. Mradi wa maji wa Makonde, ulioanza miaka ya 1950, ndio ulioanza kuyasukuma maji juu kwa mabomba. Wewe yako nunua mjini kabla hujaanza kushuka.

"Atakayeshuka harudi." Wenye mashamba bondeni hushuka na kurudi, wengine na mzigo. Hata hivyo jina la mahali lina heshima yake; piga hodi kwa wenyeji, na umwombe mmoja akuongoze.

"Kushuka ni rahisi, basi safari ni rahisi." Mlimani unapanda ukiwa na nguvu na kurudi ni mteremko, hapa ni kinyume, kupanda kunakungoja mwishoni, miguu ikiwa imelegea na jua liko utosini. Bondeni kuna joto kuliko mjini. Ondoka alfajiri.

Na kiangazi si lazima uione Msumbiji vizuri. Watu wakianza kuchoma mashamba, moshi hutanda bonde zima. Mvua zikiisha tu, kabla ya moto kuanza, ndipo macho hufika mbali.