Tathmini kabla ya upasuaji wa jinsia: yanayosemwa na yaliyo kweli

Mgonjwa wa transijenda, yaani mtu ambaye jinsia anayojitambua nayo hailingani na mwili aliozaliwa nao, anapokuwa anasubiri tathmini ya kitaalamu ya kumwidhinisha kwa upasuaji, huzungukwa na washauri. Huyu anamwambia avae gauni siku hiyo, hata kama hupenda suruali. Yule anamwonya asithubutu kutaja dawa za sonona anazotumia. Mwingine anamfundisha aseme alijitambua tangu alipoanza kutamka maneno. Wote wanamtakia mema, na ushauri wao haukutoka hewani, kwani kuna wakati mtu asiyeufuata alirudishwa nyumbani mikono mitupu. Lakini wakati huo umepita kwa sehemu kubwa. Anayeufuata leo anaingia kwenye tathmini akiwa ameficha mambo ambayo daktari wa upasuaji atayahitaji ili asimdhuru.

"Ni mtihani, na majibu yake yanajulikana"

Dhana hii ndiyo iliyozaa nyingine karibu zote, kwa hiyo nitakaa nayo.

Mwaka 1958 binti wa miaka 19, anayejulikana katika maandishi ya kitaalamu kwa jina la kubuni la Agnes, alifika kwa madaktari wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles. Alizaliwa na mwili wa kiume, lakini aliwaeleza kwamba matiti yalimwota yenyewe alipobalehe. Walimpima, wakamwamini, na mwaka 1959 akafanyiwa upasuaji. Miaka kadhaa baadaye alifichua kwamba tangu akiwa na miaka 12 alikuwa akimeza vidonge vya estrojeni, homoni ya kike, vya mama yake. Wapo wanaomtaja kama mfano wa udanganyifu. Mimi ninamwona msichana aliyejua kuwa akisema ukweli hatatibiwa.

Mwaka 1966 hospitali ya Johns Hopkins, jijini Baltimore, ilifungua kliniki ya jinsia. Mwaka huohuo daktari Harry Benjamin alichapisha kitabu kilichoeleza sifa za wagonjwa wa aina hii, na kliniki zilizofuata zikakigeuza kuwa kipimo. Wagonjwa nao walikisoma, wakapeana, wakaenda kusimulia maisha yanayofanana na yaliyoandikwa mle. Madaktari walipoona kila kisa kinalingana na kitabu, wakazidi kukiamini. Ilichukua miaka kabla ya kutambua ulinganifu ule ulitoka wapi.

Aliyesema ukweli wake aliumia. Lou Sullivan, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1951, alikuwa mwanamume wa transijenda, yaani aliyezaliwa na mwili wa kike, aliyependa wanaume. Alikataliwa kwa sababu hiyo, maana iliaminika kwamba mwanamume "wa kweli" lazima apende wanawake. Hakunyamaza. Aliwafuata wataalamu kwa barua na kwa mazungumzo ya ana kwa ana mpaka baadhi yao wakabadili msimamo. Alipata upasuaji wa kifua mwaka 1980 na wa sehemu za siri mwaka 1986, akafariki mwaka 1991. Leo mgonjwa anapenda nani si kigezo.

Vigezo vya leo ni vipi, basi? Mwongozo unaotumiwa zaidi duniani ni wa chama cha kitaalamu cha afya ya watu wa transijenda, WPATH, ambao toleo lake la nane lilitoka Septemba 2022. Kwa watu wazima, mwongozo huo unataka mtaalamu ajiridhishe kwamba hali ya jinsia kutolingana na mwili ipo kwa kiwango cha wazi na imedumu. Kwamba mgonjwa ana uwezo wa kuelewa na kutoa ridhaa. Kwamba sababu nyingine zinazoweza kufanana na hali hiyo zimeangaliwa. Kwamba maradhi ya mwili au ya akili yanayoweza kuharibu matokeo yamezungumzwa. Na kwamba mgonjwa anajua upasuaji utagusa vipi uwezo wake wa kuzaa. Humo hamna sharti la kujijua utotoni, wala la gauni. Kuna waliojitambua wakiwa na miaka minne na waliojitambua wakiwa na arobaini, na neno "imedumu" linawabeba wote.

Maswali yanayochukua muda mrefu huwa ya kawaida kabisa. Unatarajia upasuaji ubadilishe nini, na unajua hautabadilisha nini? Nani atakuangalia wiki za mwanzo? Umesikia nini kuhusu madhara? Aliyekariri simulizi ya utoto wake kwa miezi huyakosea hasa haya, kwa kuwa hakuna aliyemwambia ajiandae kwayo.

"Ukitaja sonona, umejifungia mlango mwenyewe"

Hapana. Sonona, wasiwasi, historia ya kujidhuru, au usonji, peke yake haimzuii mtu. Kinachoangaliwa ni kama anaelewa anachoridhia, na kama hali yake imetulia kiasi cha kuvumilia kupona. Aliye katikati ya hali ya kupoteza uhalisia ataombwa asubiri atibiwe kwanza, jambo ambalo lingetokea kabla ya upasuaji wowote mkubwa wa kupanga.

Sitaficha upande wa pili. Wapo wataalamu ambao bado hushtuka wakisikia neno usonji, wakaongeza miadi juu ya miadi bila kueleza sababu. Wagonjwa wanaolalamikia hili hawatungi. Lakini kuficha kuna gharama inayolipwa na mwili wenyewe. Dawa nyingi za sonona, zikichanganywa na tramadoli inayotolewa mara kwa mara kutuliza maumivu baada ya upasuaji, zinaweza kuleta degedege au kupandisha serotonini, kemikali ya ubongo, kiasi cha kuhatarisha maisha. Mtaalamu wa usingizi anahitaji orodha kamili ya dawa, pamoja na homoni zilizonunuliwa bila cheti na sigara zinazovutwa kwa siri. Nikotini hubana mishipa midogo ya damu, na ngozi iliyohamishwa kutoka sehemu moja ya mwili kwenda nyingine huishi au hufa kwa mishipa hiyo. Ndiyo maana madaktari wengi wa upasuaji huahirisha kazi mpaka mgonjwa aache kuvuta kwa wiki kadhaa, na wengine hupima damu au mkojo kuhakikisha.

"Lazima barua mbili, na mwaka mzima wa kuishi katika jinsia yako"

Hili lilikuwa kweli kwenye karatasi mpaka juzi. Toleo la saba la mwongozo wa WPATH lilitaka barua moja ya mtaalamu ya kumwidhinisha mgonjwa kwa upasuaji wa kifua na mbili kwa upasuaji wa sehemu za siri. Anayejengwa uke au uume alitakiwa pia awe ameishi miezi 12 mfululizo kama jinsia yake. Toleo la nane limeshusha barua kuwa moja, na kwa kuondoa korodani au ovari linapendekeza angalau miezi sita ya homoni, isipokuwa kwa asiyezihitaji au aliye na sababu ya kiafya ya kutozitumia.

Hata hivyo mwongozo si sheria. Kampuni za bima na huduma za umma zina masharti yao, na baadhi bado zinashikilia utaratibu wa zamani. Mgonjwa anayejenga hoja kwa toleo la nane mbele ya bima inayotumia la saba atakataliwa, na barua yake itakuwa sahihi kabisa kitaalamu. Kabla ya kutafuta mtu wa kuandika barua, omba masharti ya anayelipa, kwa maandishi: barua ngapi, ziandikwe na mwenye sifa gani, zisizidi muda gani tangu kuandikwa. Wengine hukataa barua iliyopita miezi 12, na kwenye foleni ndefu muda huo hupita upesi.

Upande mwingine wa dunia hali ni tofauti kabisa. Sheria ya utambulisho wa jinsia ya Argentina ya mwaka 2012 inampa mtu mzima haki ya homoni na upasuaji kwa ridhaa yake baada ya kuelezwa, bila kibali cha mahakama wala cha ofisi yoyote.

"Mtaalamu ndiye anayeamua kama wewe ni mtu wa transijenda kweli"

Anaandika utambuzi wa kitabibu ili matibabu yaweze kutolewa na kulipiwa. Utambuzi huo wenyewe umebadilika. Toleo la 11 la orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani lilipitishwa Mei 2019 na kuanza kutumika Januari 2022, na liliiondoa hali hii kwenye sura ya maradhi ya akili na kuiweka kwenye sura ya afya ya kujamiiana. Kwa hiyo, kwa orodha hiyo, hakuna anayekwenda kuthibitishwa kuwa na wazimu ili atibiwe. Wala mtu si lazima awe mwanamume au mwanamke moja kwa moja: mwongozo wa WPATH wa mwaka 2022 una sura nzima kwa wasiojiona katika mojawapo ya jinsia mbili.

"Mtu huingia leo, kesho yuko mezani anapasuliwa"

Dhana hii hutoka kwa watu wa nje, na kwa waliosubiri inaumiza kuisikia. Nchini Uingereza huduma ya umma ina kiwango cha wiki 18 kutoka rufaa mpaka kuanza matibabu ya kitaalamu. Kwenye kliniki za jinsia za watu wazima, watu wamesubiri miaka kwa miadi ya kwanza tu. Baada ya tathmini kuna foleni ya daktari wa upasuaji, ambaye naye hufanya uchunguzi wake na anaweza kukataa. Kisha kuna maandalizi: kwa njia nyingi za kujenga uke au uume, nywele za ngozi itakayotumika huondolewa kwanza kwa leza au umeme, na kazi hiyo huchukua miezi mingi. Uume wenyewe mara nyingi hujengwa kwa operesheni kadhaa, na miezi hupita kati ya moja na nyingine.

"Wengi hujuta, kwa hiyo mlango uwe mwembamba"

Kliniki ya jinsia ya Amsterdam, Uholanzi, ilipitia kumbukumbu za watu 6,793 waliofika kwake kati ya mwaka 1972 na 2015. Miongoni mwa walioondolewa korodani au ovari, waliojuta walikuwa asilimia 0.6 ya wanawake wa transijenda na asilimia 0.3 ya wanaume. Ni kiasi kidogo sana, lakini tusikikuze kupita uwezo wake: wengi hawakurudi tena kliniki kwa ufuatiliaji, na majuto yanaweza kuja baada ya miaka mingi. Tena takwimu hizi hazisemi kama majuto ni machache kwa sababu ya tathmini au yangekuwa machache hata bila hiyo. Anayezitumia kutetea mlango mwembamba, na anayezitumia kuubomoa, wote wanazilazimisha kusema zaidi ya zinavyojua.

Ninachokiona kikubwa hapa ni jinsi hofu ya neno "majuto" inavyowafunga wagonjwa midomo. Mtu anaogopa kusema, "Nina uhakika na jinsia yangu ila sina uhakika na upasuaji huu," kana kwamba sentensi hiyo itamnyima vyote. Kumbe hiyo ndiyo sentensi yenye faida. Kuna wanawake wa transijenda wanaotaka umbo la nje tu, bila njia ya ndani ya uke, na operesheni hiyo ipo. Ina hatari chache, na haina kazi ya kutumia vipanuzi (vifaa vya kuzuia njia ya uke isijifunge) mara kadhaa kwa siku katika miezi ya mwanzo na kuendelea navyo kwa miaka. Kuna wanaume wa transijenda wanaotosheka na upasuaji wa kifua maisha yao yote. Aliyefundishwa kusema "nataka vyote" hawezi kuonyeshwa njia hizi.

Hii pia ndiyo sababu maswali kuhusu kujamiiana hujitokeza. Daktari anahitaji kujua kama unataka kina cha uke, hisia, au kukojoa ukiwa umesimama, kwa kuwa kila jibu linabadilisha njia ya kupasua. Lakini swali la idadi ya wapenzi wako, au la unachowaza kitandani, lina historia mbaya kwenye kliniki hizi. Una haki ya kuuliza, kwa utulivu, linahusiana vipi na upasuaji, na kutolijibu kama halihusiani.

"'Bado' maana yake ni 'hapana'"

Mara nyingi ni bado kweli: uzito, sukari isiyodhibitiwa, sigara, au mgonjwa kukosa makazi ya kupumzikia. Omba sababu iandikwe, na iandikwe pia nini kikitimia utaidhinishwa. Kama mtaalamu hawezi kuitaja, omba maoni ya mtaalamu mwingine.

Zungumzia uzazi kabla ya barua kuandikwa. Korodani au ovari zikishatolewa, kuhifadhi mbegu au mayai hakuwezekani tena, na kwa anayetumia homoni huenda ikabidi azisitishe kwa miezi kadhaa kwanza. Kisha muulize daktari wa upasuaji maswali yako mwenyewe: amefanya operesheni hii mara ngapi, ni wagonjwa wake wangapi waliorudishwa chumba cha upasuaji, na nani atapokea simu usiku damu ikianza kutoka.